Virusi vimempanda paka wetu kichwani?

SWALI: Shikamoo daktari. Paka wetu Kibopa, dume la miaka 11, alipimwa damu akakutwa na UKIMWI wa paka. Mwezi huu kabadilika: usiku anazunguka sebuleni akilia, na mboni ya jicho la kushoto imekuwa kubwa kuliko ya kulia. Virusi vimempanda kichwani? Na watoto wangu je? – Mama Zuhura, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, Mama Zuhura. Watoto wako salama. Virusi hivyo, FIV, haviambukizi binadamu hata paka akimng'ata. Kibopa mwenyewe yaelekea alivipata kwa kung'atwa, kwenye zile ngumi za madume juu ya mabati.

Kichwani hufika, ndiyo. Tangu vigunduliwe California mwaka 1986, watafiti wamewatumia paka kuchunguza jinsi VVU vinavyovuruga ubongo wa mtu. Walipopima umeme wa ubongo wa paka walioambukizwa, waliwakuta wanakesha zaidi, na ule usingizi wa ndoto, unapoona sharubu zikichezacheza, umepungua. Mboni zisizolingana nazo zilionekana. Ajabu ni kwamba virusi haviziingii sana seli za neva zenyewe. Hujificha ndani ya seli walinzi wa ubongo, nao wakichokozwa humwaga sumu inayounguza majirani. Ni kama mgambo anayemkimbiza mwizi huku akivunja vibanda vya wachuuzi. Tumbili wetu, wezi wa maembe, wengi hubeba virusi vya ukoo huohuo na kwa kawaida hawaugui, ilhali makaki, jamii ya tumbili wa Asia, wakiambukizwa vya aina hiyo ubongo huweza kuvimba. Jambo hilo hunikosesha usingizi kuliko Kibopa.

Ila usikimbilie kuvisingizia virusi. Niliwahi kuletewa paka wa namna hiyo, mwenye FIV, analia usiku, nikasema ni ubongo, basi. Wiki mbili baadaye akawa anagonga miguu ya meza. Ilikuwa presha, macho yalikwisha kuharibika, na kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo mpeleke kesho, si wiki ijayo. Waombe wampime presha, kwa mkanda mdogo wa mguuni au mkiani, kisha figo na tezi ya shingoni. Presha ya paka ina dawa. Lakini usimkatie kidonge cha bibi. Dozi yake hupangwa baada ya kumpima uzito.