Mpe karani wako haki ya kukukatalia

Hapa Igurusi, mkoani Mbeya, mwezi wa sita ukifika, hata asiye na robo eka anazungumzia mpunga. Malori yamejipanga kando ya barabara kuu, madalali hawashiki simu moja, na kila mtu anakuhakikishia kuwa kesho bei itapanda. Ni wakati mbaya kuliko yote wa kuamua mambo ya fedha, na ndio wakati wetu wa kuyaamua, sisi wenye mashine za kukoboa.

Vijana wanaoanza biashara huniuliza: kiongozi awe mtu wa hesabu au mtu wa moyo? Wengi wameshaambiwa awe vyote viwili, nusu kwa nusu. Mimi mtu huyo sijamwona. Mwenye pupa ana pupa yake, na mimi ni mmojawapo. Nikishika mpunga mzuri wa aina ya Saro, mkono wa pili tayari uko mfukoni. Ninachoshauri ni kupanga kazi ili hesabu itangulie kusema, tena iwe na mtu wa kuisemea.

Chukua kilo 100 za mpunga, tuseme umezinunua kwa shilingi 80,000. Ukiwa umekauka vizuri, unyevu kama asilimia 14, na mashine haisumbui, unaweza kupata kilo 65 za mchele. Kila kilo imekugharimu kama shilingi 1,230, hujagusa umeme, vibarua wala usafiri. Mpunga mbichi husagika mashineni, ulioanikwa kupita kiasi hukatika ukawa chenga. Ukiambulia kilo 60 za kuuzika, kila kilo imepita 1,330. Hiyo shilingi 100 inaonekana ndogo mpaka uizidishe kwa tani kumi za mchele: milioni moja, na riba ya benki bado inakusubiri.

Kwa hiyo bei yetu ya mwisho ya kununulia tunaiandika mwezi wa nne, mpunga ungali shambani na dalali hajafika. Karatasi anaishika karani. Ana mzani, kipima unyevu na daftari, na ana ruhusa ya kuniambia mbele ya muuzaji, "Hapana baba, huu tusinunue." Kuna wafanyakazi waliouona huo kuwa utovu wa adabu, na kwa mila zetu siwalaumu. Lakini ukimpa mtu mamlaka hayo kisha usiku ukampigia muuzaji simu kimyakimya, umemfanya pambo la ofisi. Akikukatalia, mshukuru palepale, watu wakisikia.

(Na nunua kwa kilo. Gunia linashindiliwa, linaongezwa kilemba, mwisho hujui umenunua nini. Gunia la namna hiyo, yaani lumbesa, limekatazwa na sheria, lakini hata lisingekatazwa, linakuharibia hesabu.)

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kweli kabisa, ila daftari halijawahi kumwamsha mtu saa nane za usiku. Mvua ya kuchelewa ikishuka mwezi wa tano na mpunga uko uwanjani, wanaokimbilia maturubai ni vijana wanaoiona kazi hii kuwa yao. Mkulima wa Ubaruku aliyeahidiwa shilingi 20 zaidi kwa jirani anarudi kwako kwa sababu ulimlipa siku ileile, na alipofiwa ulifika msibani ukakaa, hukupita tu na rambirambi. Haya siyapigii hesabu. Namfahamu mfanyabiashara aliyejaribu, kila fadhila akaiingiza daftarini. Haikuchukua muda watu wakaanza kukataa hata soda yake.

Moyo unaweza kuchagua watu wa kufanya nao kazi na aina ya mchele unaotaka ubebe jina lako. Usiuachie kiasi cha kununua, na usiuachie ghala. Bei huwa chini wakati wa mavuno na kwa kawaida hupanda kuelekea mavuno mengine, ndiyo maana wote tunahifadhi. Kazi ni kujua lini uache kusubiri, maana mwenye mzigo siku zote husema "bado kidogo." Sisi tunagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza linauzwa mapema lilipe mkopo. La pili linatoka bei ya kuuzia ikifika ile tuliyoiandika nayo mapema, hata kama redio inasema itapanda zaidi. La tatu ni langu, nalichezea nitakavyo, na karani haruhusiwi kulisemea neno. Bila fungu hilo ningemsumbua mwaka mzima.

Kama mtaji bado haujaruhusu kuajiri karani, mkabidhi ile karatasi ya bei mke wako, mume wako, au mweka hazina wa kikoba chenu. Usimpe rafiki anayeupenda mpunga kama wewe. Tafuta mtu usiyeweza kumbembeleza.