Submariner ya 1991 na ya 2020: nilivyozivaa zote mbili hapa Bukavu

Ndugu uliyeuliza kama uchukue ile saa ya Rolex Submariner, toleo la 16610 la 1995, uliyoonyeshwa na muuzaji, au uvumilie mpaka upate 126610LN mpya: mimi nimezivaa Submariner za rika hizo mbili hapa hapa Bukavu, ya zamani kwa miaka, mpya kwa miezi saba, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa marefu. Waliokwambia "chukua mpya, yaishe" hawakukosea sana. Ila hakuna aliyekuuliza saa hiyo itakuja kufunguliwa na nani, na kwa sisi tunaokaa huku hilo ndilo swali la kwanza.

Yangu ni 16610 ya 1991. Nimeirithi kwa baba mdogo, aliyekuwa fundi wa injini kwenye meli za Matadi na Antwerp. Aliinunua huko Antwerp wakati wenzake wakinunua magari ya mitumba ya kuja kuteremsha Matadi, nao walimcheka safari nzima. Magari yale yamekwisha kuwa masufuria. Saa bado inakwenda.

Ya pili ni 126610LN ya shemeji yangu, mfanyabiashara wa kahawa. Alipokwenda kukaa Kampala kwa shughuli zake aliniachia. Si kwa upendo, aliogopa kuvuka nayo mpaka wa Ruzizi. Akasema, "Shemeji, vaa tu, isilale." Nikavaa, na ile ya baba mdogo nikawa naivaa wiki moja moja ili nilinganishe.

Tuanze na yale ambayo watu wanadhani yamebadilika kumbe hayajabadilika. Submariner ilianza 1953, lakini saa unayoijua leo kwa macho ilikwisha kukamilika zamani. Kioo cha yakuti, mita 300 za maji, pete ya juu inayozunguka upande mmoja tu kwa hatua 120, kidude cha kutilia ufunguo chenye vidoti vitatu chini ya alama ya taji: vyote hivyo vimo kwenye 16610 iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1980, na vimo kwenye mpya iliyotoka Septemba 2020. Mtu akikuambia mpya inazuia maji zaidi, mwambie asome maandishi ya usoni. Ni mita 300 zile zile.

Na hizo mita 300 zenyewe, tuambiane ukweli. Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 480, na huko chini kumejaa methani na hewa ya ukaa. Wewe na mimi tunaoga pale Nguba, maji yakifika kifuani tunapiga kelele kwa baridi. Saa za huku haziuawi na kina. Zinauawa na kidude kilichosahauliwa wazi na raba ya kuzuia maji iliyokauka, na hapo nitarudi.

Mashine nitaipitia haraka. Ya zamani ina mashine namba 3135, mpya ina 3235. Zote zinapiga mara 28,800 kwa saa. Ukiivua ya zamani Ijumaa jioni, Jumapili jioni inakaribia kusimama, kwa sababu ina akiba ya saa 48 hivi. Mpya ina akiba ya saa 70, Jumatatu asubuhi unaikuta inakwenda. Kiwanda kinaahidi mpya haitapotoka zaidi ya sekunde 2 kwa siku. Ya shemeji niliilinganisha na simu, ilikuwa ikizidi sekunde moja hivi. Ya baba mdogo inazidi sita. Kama unakwenda kusubiri boti ya Goma, sekunde sita hazijawahi kumwacha mtu bandarini.

Sasa kifungio. Hapa ndipo pesa ya mpya ilipolala, na ajabu ni kwamba ndicho kitu ambacho wauzaji hawakisemi.

Kila mwezi nashuka Uvira. Unatoka Bukavu kwenye karibu mita 1,500, unapita Nyangezi, unateremka Ngomo moyo ukiwa mdomoni, unafika Kamanyola, na kutoka hapo bonde la Ruzizi ni tanuri mpaka Tanganyika, ambako uko chini ya mita 800. Mkono unavimba. Na saa ya chuma iliyokaa vizuri asubuhi Bukavu, ikifika mchana Uvira inakuwa pingu. Kifungio cha 16610 ni bati lililokunjwa, kina vitundu pembeni. Kukilegeza lazima upate kitu chenye ncha, usukume kipini kidogo chenye spring, ukihamishie kitundu kingine, na kipini hicho kikiruka kwenye mchanga, safari yako imekwisha. Mimi nimewahi kukitafuta kwa magoti, kondakta akipiga honi. Baba mdogo alikuwa anatembea na kijiti cha meno mfukoni, na sisi watoto tulidhani ni kwa ajili ya nyama.

Mpya ina kile wanachokiita Glidelock. Unafungua kifungio, unainua kipande cha ndani kwa kidole, unakisogeza hatua ya milimita 2, unakibana. Kina karibu milimita 20 zote za kuongeza. Sekunde tano, hakuna kijiti, hakuna kondakta. Kilitengenezwa ili mzamiaji aivae saa juu ya nguo ya kuzamia, lakini mimi nakuambia kilitengenezwa kwa ajili ya barabara ya Uvira. Jambo hilo moja tu lilinifanya nirudishe saa ya shemeji kwa uchungu.

Mkanda wenyewe pia ni mwingine. Wa 1991 una viungo vya mwisho vilivyo vitupu ndani, ukitikisa mkono unalia kama funguo, na kwa miaka umelegea mpaka ukiushika kwa upande unajikunja. Baadhi ya watu wanaupenda mlio huo. Mimi nimeuzoea, kuupenda ni neno kubwa. Wa mpya ni chuma kizito kizima, na upana wake pale unapoingia kwenye saa ni milimita 21, si 20, kwa hiyo usidhani mikanda ya ngozi uliyonayo itaingia. Kwenye ya zamani kuna faida moja ya kifundi: zile pembe nne zinazoshika mkanda zina matundu kwa nje, unasukuma kipini na mkanda unatoka bila kukwaruza. Matundu hayo yaliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Kuhusu ukubwa, milimita 41 za mpya dhidi ya 40 za zamani, usipoteze usingizi. Mpya pembe zake zimekonda, mkononi zinakaa karibu sawa. Iliyokuwa nene kweli ni ile ya katikati, 116610LN ya 2010 hadi 2020, yenye pembe pana. Rafiki yangu anayo, nami nilidhani ni kubwa kuliko mpya mpaka nilipozipanga mezani.

Pete ya juu. Ya zamani ni alumini, na jua limeifanya iwe rangi ya makaa yaliyolala. Imekwaruzika pia. Mpya ni kauri, haipauki, na kucha ya mtoto au ukuta wa saruji havifanyi kitu. Ila kauri ikipigwa vibaya inapasuka, na ikipasuka unainunua upya. Ile ya alumini inabanduliwa kwa kisu na kubandikwa nyingine, nimeona kwa macho yangu fundi wa Kadutu akifanya huku anakula muhindi. Fundi huyo huyo aliigeuza ya baba mdogo mara mbili, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Papa, hii ni ya kweli ao ni ya Dubai?" Nikamwambia ya Dubai. Huo ndio ulinzi ambao mpya haina. Ya shemeji inawaka kama sahani mpya, nikipanda nayo teksi macho yote yanashuka mkononi. Ya zamani ilivyopauka, kila mtu anaamini nimeinunua sokoni kwa dola ishirini, na sijawahi kumkatalia mtu.

Usiku mpya inashinda bila ubishi. Alama zake ni nene, zinatoa mwanga wa buluu, umeme ukikatika saa nane za usiku bado unasoma. Yangu ina tritiamu, rangi ya mionzi inayowaka yenyewe, ambayo nguvu yake inapungua kwa nusu kila miaka 12 hivi. Imekwisha. Alama zimekuwa rangi ya maziwa yaliyoungua, nzuri mchana, usiku kipofu.

Hapo pana kitu cha kukusaidia na muuzaji wako. Anasema ni ya 1995. Tazama chini kabisa ya uso, chini ya sita. Saa ya mwaka huo inatakiwa isomeke "SWISS - T<25", alama ya tritiamu, maana rangi hiyo waliiacha karibu na 1998. Ukikuta "SWISS MADE" tupu, au ukiingia nayo chooni gizani ikawaka vizuri, basi uso na mishale vimebadilishwa. Si lazima iwe bandia, mara nyingi hubadilishwa kwenye matengenezo, lakini bei ishuke. Kwenye mpya, kati ya maneno hayo mawili kuna taji dogo sana.

Sasa maji. Mwaka 2016 ya baba mdogo ilianza kuchelewa dakika kadhaa kwa siku. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini, sitamtaja. Kifuniko cha nyuma cha saa hizi kina meno madogo, kinataka ufunguo wake maalumu. Yeye hakuwa nao, akakifungua kwa mpira wa kunata, akasafisha, akatia mafuta, akarudisha raba ile ile iliyokuwa imekauka, akakaza kwa mpira ule ule. Saa ikaenda vizuri ajabu. Nilimlipa nikamshukuru. Nami sikuuliza neno juu ya raba, kosa langu ni hilo.

Wiki tatu baadaye nikaingia ziwani nayo, kama baba mdogo alivyofanya miaka yote. Nimetoka, nimekaa juani, naona wingu jembamba chini ya kioo, upande wa tarehe. Nilihisi kama nimemzamisha mzee mwenyewe. Nilivuta kidude nje nikaiweka mahali pa joto, lakini hiyo ni dua, si dawa. Mpaka nilipopata mtu wa kuipeleka Nairobi, kutu ilikuwa imeshika kile kijiti cha kutilia ufunguo na sehemu za tarehe. Nililipa bei ya pikipiki iliyotumika. Huko wana mashine ya kupima saa kwa hewa yenye mgandamizo kabla haijagusa maji. Hapa Bukavu sijaiona kwa fundi yeyote.

Kwa hiyo rudi kwenye swali langu la mwanzo. Mpya ina dhamana ya miaka mitano na kiwanda kinapendekeza ifanyiwe matengenezo karibu kila miaka kumi. Maana yake, kwa miaka mingi hakuna mtu wa Bukavu atakayeigusa, na hilo ni jambo la heri. Siku ikihitaji kufunguliwa, vipuri vya 3235 huvipati mtaani, kiwanda hakimuuzii kila fundi. 3135 ilitengenezwa kwa zaidi ya miaka thelathini, mafundi wengi wa Nairobi wanaijua kama kiganja chao. Lakini ya 1995 itaanza kukudai siku ile ile unapoinunua, na ya kwanza kudai ni raba.

Ukinilazimisha nichague kwa pesa yako, ningesema usichukue yoyote kati ya hizo mbili. Tafuta 116610LN ya miaka ya mwisho. Ina pete ya kauri, ina Glidelock, na ndani bado ina 3135. Ni nene, ndiyo, utazoea. Ukiikosa, subiri mpya. Ya zamani ichukue kama una sababu isiyo ya saa, kama yangu. Shemeji alirudi Machi, akaichukua yake, akaikagua kwa tochi ya simu mbele ya dada yangu bila aibu. Nilimuuliza kama kifungio chake kinaweza kuingia kwenye mkanda wangu. Hakiingii hivi hivi. Kijiti cha meno kimerudi mfukoni.

Ukikutana na muuzaji, mwombe akuruhusu kitu kimoja. Pasha saa joto kidogo, juu ya kifuniko cha birika kwa mfano, isiunguze kiganja. Dondosha tone la maji baridi katikati ya kioo, ngoja dakika moja, futa. Wingu likibaki kwa ndani, unyevu umo tayari, ondoka. Lisipobaki, usishangilie bado, maana jaribio hilo halikuambii raba ni nzima, linakuambia tu kwamba maji hayajaingia hadi leo. Akikataa hata hilo tone, nawe umeshajibiwa. Na nipigie picha ya yale maandishi chini ya sita kabla hujatoa hata dola moja.