Uliza Ujibiwe: Kozi imehama, kanuni zimebaki

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nafundisha hesabu chuo kimoja hapa Morogoro, mwaka jana niliandaa somo la sehemu kwenye mfumo wa kulipia, ule unaomfuatilia mwanafunzi, akikwama kujumlisha sehemu unamrudisha kwanza kwenye KDS (kigawe kidogo cha shirika). Sasa tumehamia Moodle, mfumo huria wa kufundishia mtandaoni, nikalitoa somo kwa SCORM, ule muundo wa kufungasha masomo yahame mfumo hadi mfumo, limeingia vizuri tu, picha zipo maswali yapo, ila wote wanapita njia moja! Nimekosea wapi?

JIBU: Pole mwalimu, hujakosea. Zilizohama ni kurasa, zile kanuni za akikosea hapa mpeleke pale, pamoja na rekodi ya nani anajua nini, zilikuwa zinakaa kwenye seva ya kule na SCORM haikuzibeba. Hebu fungua hilo faili la zipu, utakuta imsmanifest.xml, ndani yake ni orodha ya kurasa na mpangilio wake basi. SCORM 1.2 ya 2001, ambayo ndiyo Moodle inaelewana nayo, inarudisha hasa alama, kamaliza au hajamaliza, na kumbukumbu ya herufi 4096 tu. Toleo la 2004 liliongeza kanuni za kumpangia mwanafunzi njia ila Moodle hailitumii kikamilifu, na hili linaniuma kwa sababu walimu wengi wanaambiwa "inatoa SCORM" wanadhani kila kitu kinahamishika.

Kama mkataba wa kule bado upo, liache somo hukohuko uliunganishe kwa LTI, yaani njia ya kuunganisha mifumo miwili ya masomo, mwanafunzi anabofya akiwa Moodle, anafanyia kule, alama zinarudi kwako. Kama umeisha, jenga upya kwenye ile shughuli ya Moodle inayoitwa Somo (Lesson), kwa sababu pale kila jibu unaliwekea njia yake. Mfano swali ni 1/2 + 1/3, aliyejibu 5/6 anasonga mbele, aliyejibu 2/5 huyo kajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, mrushe moja kwa moja kwenye ukurasa wa KDS. Ni kazi ya mkono kweli, anza na yale makosa matatu manne unayoyaona darasani kila mwaka, mengine yatafuata.

Halafu fanya haraka, kabla akaunti ya zamani haijafungwa omba rekodi za wanafunzi wako, hata kama ni faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) lichukue.