Je, Lincoln alishinda kesi ya meli na daraja?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesikia mara nyingi kwamba Abraham Lincoln, kabla hajawa rais wa Marekani, alishinda kesi kubwa ya meli iliyogonga daraja la reli. Je, ni kweli? Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, kesi ilikuwepo, ila ushindi huo ni wa masimulizi tu.

Daraja la Rock Island, la kwanza la reli kuvuka mto Mississippi, lilikuwa halijatimiza hata mwezi mmoja tangu lianze kupitisha treni wakati ajali ilipotokea, tarehe 6 Mei 1856. Meli ya mvuke iitwayo Effie Afton ilikuwa ikipanda mto, ikapita kwenye uwazi ulioachwa kwa ajili ya vyombo, kisha gurudumu lake la kusukuma maji la upande wa kulia likasimama. Mkondo uliigeuza na kuibamiza kwenye nguzo ya daraja, jiko likapinduka, na moto ukateketeza meli pamoja na sehemu ya daraja lenyewe.

Wenye meli, Jacob Hurd na wenzake, walidai fidia, na kesi ikasikilizwa Chicago mwezi Septemba 1857 mbele ya Jaji John McLean. Lincoln alikuwa mmoja wa mawakili wa kampuni ya daraja. Alishikilia kwamba anayevuka mto ana haki sawa na anayesafiri juu yake, akaeleza kuwa kwa muda usiotimia mwaka daraja lilikuwa limepitisha mabehewa ya mizigo 12,586 na abiria 74,179. Kwa maoni yangu, hoja yake nzito zaidi ilikuwa lile gurudumu: kama lingezunguka, mkondo usingeirudisha meli darajani.

Hata hivyo, jopo la wananchi waliopaswa kuamua kesi (ambao, tofauti na wazee wa baraza, hawakuwa watoa maoni tu) lilishindwa kuafikiana, likavunjwa bila hukumu. Kampuni haikulipa fidia, na pengine ndipo uvumi wa ushindi ulipoanzia.

Wenye meli wa St. Louis, mji wa bandari kwenye mto huo, waliohofia reli ingehamishia biashara yao Chicago, hawakukata tamaa. Mwaka 1860 jaji mmoja huko Iowa aliamuru sehemu ya daraja iliyokuwa upande wa jimbo hilo iondolewe; Mahakama ya Juu ya Marekani iliitengua amri hiyo baadaye, Lincoln akiwa tayari Ikulu.