Kilomita 830 Kabla ya Mstari wa Kuanzia

Mara ya kwanza nilipojiandikisha kwenye changamoto ya pikipiki ya masafa marefu, iliyoanzia Mbeya na kupitia Tunduma na Sumbawanga hadi Kigoma, nilitumia miezi miwili kuandaa safari yenyewe, lakini sikutumia hata jioni moja kufikiri nitafikaje Mbeya. Nilikuwa naishi Dar es Salaam. Wenzangu wengi walitokea mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, na wachache waliokuwa Dar walipakia pikipiki zao kwenye lori. Niliamua kwenda peke yangu, kwa siku moja, siku iliyotangulia kuanza. Nilifika Mbeya saa nne usiku, vidole vikiwa vimekufa ganzi kiasi kwamba nilishindwa kufungua mkanda wa helmeti, na wenzangu walipowasha injini saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimelala kwa saa tano tu. Tulipokaribia Tunduma niliiona taa ya breki ya aliyekuwa mbele yangu ikiwaka, na kwa muda ambao sitausahau sikuelewa maana yake. Nilikwepa kwa bahati. Niliegesha, nikawaomba radhi, nao wakaendelea bila mimi.

Tangu hapo nimeirudia safari hiyo mara mbili na kuimaliza, na jambo ninalomwambia kila anayetaka kwenda peke yake ni hili: mwili wako hauanzi kuhesabu pale waandaaji wanapoanza kuhesabu. Wanachama wa Iron Butt Association, chama cha Marekani cha waendesha pikipiki wa masafa marefu, ambao kipimo chao cha kuanzia ni maili 1,000, yaani takriban kilomita 1,609 ndani ya saa 24, huanza kuhesabu muda kwa risiti ya mafuta ya mwanzo wa safari. Mgongo na macho havina habari na risiti hiyo. Ukiwa umeendesha kilomita 830 za Dar hadi Mbeya siku iliyotangulia, unaanza ukiwa na deni.

Kwa hiyo gawanya njia. Mimi sasa hulala Iringa, takriban kilomita 500 kutoka Dar, kisha siku ya pili namalizia kwenda Mbeya nikiwa na mchana wa kutosha, na nahakikisha ninabaki na siku nzima ya kupumzika kabla ya kuanza. Usiku siendeshi kabisa. Barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, na hata mchana nimewahi kusimama kusubiri tembo wavuke. Ukiwa peke yako gizani, mnyama utakayemgonga hapo hatakuwa na shahidi, nawe hutakuwa na wa kukuinua.

Njia hii ina joto na baridi ndani ya siku mbili, na wengi hujiandaa kwa kimojawapo tu. Ruaha Mbuyuni jua linachoma hadi unatamani kuvua koti, nami nakusihi usilivue, fungua zipu za hewa na unywe maji. Baada ya hapo unaanza kuupanda mlima Kitonga, ambako malori yanapanda kwa gia nzito na mengine yanateremka yakinuka breki zilizoungua. Kaa nyuma ya lori kwa umbali wa kuona vioo vyake, na usilipite kwenye kona hata kama dereva wake amekuwashia taa kukuruhusu, kwa sababu yeye hatalipa kosa lake kwa mguu. Siku ya pili, kuanzia Mafinga hadi Makambako, hasa miezi ya Juni na Julai, upepo unakupiga ubavuni na baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Sweta lifungwe juu kabisa ya mzigo, na uvae glavu nzito kabla mikono haijaanza kuuma, maana ikishauma hutaweza tena kupima nguvu ya breki.

Faida kubwa ya njia hii, ambayo aliyepakia pikipiki kwenye lori haipati, ni kwamba inaikagua pikipiki yako kwa ukweli. Safari ya pili nilikuwa nimeifanyia matengenezo kamili kwenye gereji moja ya Dar, na nikaondoka bila wasiwasi. Jioni, nikiwa uani mwa nyumba ya wageni Iringa, niliinama na tochi kukagua cheni kama ilivyo desturi yangu. Mlegeo ulikuwa sawa, lakini nilipotazama alama za pande mbili za ekseli ya nyuma, kushoto ilikuwa kwenye mstari wa nne na kulia kwenye wa tatu. Gurudumu lilikuwa limekaa upande. Meno ya sproketi, yaani gurudumu la meno linaloshika cheni, yalikuwa yameanza kung'aa upande mmoja, na tairi lilikuwa limelika vivyo hivyo. Nililegeza nati, nikasawazisha pande zote, nikaikaza, na kazi hiyo haikuzidi nusu saa. Lingenikuta kati ya Sumbawanga na Mpanda, ningelijua kwa cheni kukatika. Usiache kukagua usiku wa kwanza, hata kama umechoka.

Kuhusu kuwa peke yako, chagua mtu mmoja nyumbani na mkubaliane vituo: mimi humtumia dada yangu ujumbe nikifika Chalinze, Mikumi, Iringa na Makambako. Tumekubaliana kwamba zikipita saa mbili baada ya muda niliomtajia, atanipigia, na asiponipata atawapigia watu wa kituo kilichofuata. Majina na namba zao anazo kwenye karatasi. Nami nina karatasi yangu mfukoni, si kwenye begi, yenye namba yake na dawa zinazonidhuru. Fedha nimezigawa sehemu mbili.

Siku ya mapumziko Mbeya sifanyi mengi: nafua, nakagua tena cheni na upepo wa matairi, nakula vizuri na kulala saa mbili usiku. Alfajiri ya safari ya pili tuliondoka kwenye baridi ileile, na tulipokaribia Tunduma taa ya breki ikawaka mbele yangu. Vidole vyangu vilikuwa tayari kwenye breki.