Mafuta ya chakula hayaendi ini kwanza: nilivyoyaona kwenye chupa ya mama

Mkuu umeuliza kama mafuta tunayokula yanaenda ini moja kwa moja kama sukari. Hapana. Mengi yana njia yake, na mimi niliyaona njiani.

Mama alipasuliwa shingo upande wa kushoto, kutoa tezi zilizovimba. Akawekewa mrija wa kutoa majimaji kwenda kwenye chupa. Siku ya kwanza yalikuwa mekundu, ya pili yamepauka kama maji yaliyooshea nyama. Siku ya tatu nikampa uji wa maziwa uliotiwa siagi. Jioni chupa imekuwa nyeupe pe! Nikajua ni usaha, nikakimbilia kwa muuguzi. Daktari akaja, akaitikisa chupa kwenye mwanga, akaniambia, "Hayo ni mafuta ya ule uji."

Alinieleza hivi. Nyongo huyatawanya mafuta yawe matone madogo, kimeng'enya cha kongosho huyakatakata, kisha seli za utumbo mwembamba huyaunga upya na kuyafunga kwenye vifurushi viitwavyo kailomikroni. Vifurushi hivyo ni vikubwa mno kupenya kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu. Lakini ndani ya kila kijidole cha ukuta wa utumbo kuna mshipa wa limfu (majimaji ya mwili yanayopita kwenye mishipa yake, mbali na ya damu) wenye mianya, na humo vinapita. Limfu hiyo hupanda kifuani kwa mfereji mmoja, mbele ya uti wa mgongo, ikamwagikia kwenye mshipa mkubwa wa damu chini ya shingo, kushoto. Mfereji wa mama ulikuwa umechanika hapo hapo.

Mwaka 1622 daktari Mwitalia, Gaspare Aselli, alimpasua mbwa aliyetoka kula akaona nyuzi nyeupe zimetapakaa kwenye utando unaoshika utumbo: ndiyo mishipa hiyo ya limfu, imejaa mafuta. Kwa mbwa mwenye njaa hakuziona.

Mama akakatazwa mafuta yote ya kawaida, akapewa maziwa maalumu yenye mafuta ya mnyororo wa kati (yenye molekuli fupi kuliko za mafuta ya kawaida), kwa kuwa hayo huingia kwenye damu iendayo ini bila kupitia limfu. Shangazi akaleta mafuta ya nazi akidhani ni yale yale. Daktari akakataa: nazi ina asidi ya loriki nyingi, aina mojawapo ya asidi ya mafuta, na sehemu yake bado hupita kwenye limfu. Siku ya nane majimaji yakarudi manjano, yakapungua, mrija ukatolewa.

Ukiwa na mgonjwa mwenye mrija wa shingoni, angalia rangi ya chupa kila baada ya kula. Ikiwa nyeupe, usiimwage kabla muuguzi hajaiona.