Hela ya Nairobi, Mahindi ya Singida: Majibu ya Maswali Yenu

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kwamba nimerudi Tanga baada ya kuishi Nairobi miaka tisa, na kwamba sijutii. Tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Haya ndiyo niliyoweza kuyajibu.

Dada, kila takwimu inasema Mkenya anatuzidi kwa hali ya maisha. Mbona shemeji zangu wa Machakos kila mwaka wananiagiza mahindi? (Mwalimu, Singida)

Mwalimu, takwimu hazikudanganyi, na shemeji zako nao wana njaa ya kweli. Ukigawa pato la taifa kwa idadi ya watu, Mkenya anaangukia kama dola 2,000 kwa mwaka na Mtanzania kama 1,200. Kenya iliingia kipato cha kati mwaka 2014 ilipokokotoa upya uchumi wake na kukuta umenenepa kwa robo nzima. Watu walilala maskini wakaamka wa kipato cha kati, na bei ya unga ikabaki palepale. Sisi tuliingia Julai 2020.

Ila sehemu kubwa ya Kenya, karibu asilimia 80, ni nchi kavu. Mahindi, mchele na vitunguu vinavyoliwa Nairobi, vingine vimetoka huku. Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa hofu ya sumukuvu, ile sumu ya fangasi wa nafaka, malori yalipanga foleni mpakani, na zuio lenyewe halikumaliza wiki mbili kabla ya kulegezwa kwa masharti.

Halafu kuna hili ambalo watu hawalisemi: kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa ya 2023, Mtanzania anatarajiwa kuishi takriban miaka 67, Mkenya kama 64. Pesa wanatuzidi, umri tunawazidi.

Mimi ni fundi aluminiamu. Nimepata kazi Nairobi, mshahara 45,000 za Kenya. Niende? (Arusha)

Kabla hujazidisha kwa 19 kupata hela yetu ukaanza kuchagua pikipiki, shika kalamu. Kwa makato ya 2025, mfuko wa pensheni, NSSF, wanachukua 2,700, bima ya afya ya SHA asilimia 2.75, yaani 1,237, tozo ya nyumba asilimia 1.5, yaani 675, kisha kodi ya mapato kama 4,500. Mkononi inafika kama 35,900, ambayo kwa hela yetu ni kama 682,000. Cha kuchekesha ni kwamba ungelipwa kiasi hichohicho hapo Arusha, 855,000, ukakatwa NSSF ya kwetu asilimia 10 na kodi ya mshahara, PAYE, ungebaki na kama 699,000. Lakini ni nani Arusha atamlipa fundi laki nane na nusu? Hapo ndipo Nairobi inapotushinda. Mshahara wenyewe upo.

Kitakachokushangaza ni kodi ya nyumba. Kwetu mwenye nyumba anataka ya miezi sita, wengine ya mwaka, na dalali naye anadai mwezi wake. Nilipohamia Kasarani, mtaa wa Nairobi, nilikwenda na hela ya miezi sita kwenye bahasha, nimeibana kwapani kama mtoto. Keateka, yaani msimamizi wa jengo, akaitazama, akanitazama mimi. "Mama, ni mwezi moja na dipoziti. Hiyo ingine peleka benki." Jioni ile nikalala ndani, na bahasha bado nzito. Tanga ningekuwa nimeimaliza yote mlangoni, nikaanza maisha kwa kukopa mkaa.

Lakini subiri tarehe tano ipite hujalipa. Mwezi mmoja ofisi yetu ilichelewesha mishahara, nikarudi nikakuta kufuli lisilo langu juu ya kufuli langu. Kwetu ukishalipa miezi sita, mwenye nyumba anakusalimia vizuri hadi mwezi wa tano. Kwa mwenye mshahara wa uhakika, utaratibu wa Nairobi ni rahisi zaidi. Kwa mtu wa kibarua, leo ipo kesho haipo, bora wa Arusha.

Kwa hiyo nenda, ila mwajiri ashughulikie kibali cha kazi kabla hujavuka Namanga, na utafute chumba cha kutembea kwa miguu hadi karakana. Nauli ya matatu, daladala za kwao, hupanda mvua ikianza kunyesha, na Aprili Nairobi mvua haiombwi.

Nina saluni Mombasa, nataka kufungua nyingine Dar. Soko likoje?

Soko lipo, ruhusa haipo. Amri ya Julai 2025 imewazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na saluni imo, labda iwe hotelini au kwa ajili ya watalii. Uwakala wa pesa kwa simu umo, ufundi simu umo. Faini inaanzia shilingi milioni 10, au jela hadi miezi sita. Wenzetu walilalamika kwamba soko la pamoja la Afrika Mashariki la 2010 halisemi hivyo, na mimi Mtanzania nasema wana haki. Hatuwezi kupeleka vitunguu kwao kila siku halafu msusi wao akija tumfukuze.

Mimi ni Mkenya wa Mombasa, niko Muscat kikazi. Mke wangu ni wa Tanga. Tujenge Tanga au Kwale?

Shemeji, anza na hati kabla ya bei ya kiwanja. Tanzania ardhi ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na asiye raia hamilikishwi isipokuwa kwa uwekezaji. Tanga, basi, hati itasoma jina la mkeo. Kwale itasoma lako, na yeye kama mgeni hawezi kupata zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Kaeni muulizane nani yuko radhi kujenga kwenye jina la mwenzake, mwandikiane mbele ya wakili kabla ya tofali la kwanza. Na watoto wakifika miaka 18, Tanzania itawataka wachague uraia mmoja.

Umeme nafuu uko wapi?

Kwetu. Yuniti ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, kwa mtumiaji wa kawaida ni kama shilingi 356, ya Kenya inakaribia 500 kwa hela yetu. Ila kwao kati ya watu wanne watatu wana umeme, na sisi, pamoja na Bwawa la Nyerere la megawati 2,115, bado tuko nyuma yao.

Jibu kwa neno moja: raha iko wapi?

Tanga. Nimezaliwa Chumbageni, ulitaka nijibu nini?